Rejesta Isiyo na Safu ya Waliopotea

Katika kliniki ya kifua kikuu ya hospitali ya wilaya, iwe Bagamoyo, Kibaha au Pangani, lipo daftari moja refu ambalo halitakiwi kubaki na nafasi tupu. Kila mgonjwa aliyeanza dawa ana mstari wake: jina, umri, kijiji, tarehe ya kuanza, majibu ya makohozi. Mwishoni mwa mstari ipo safu ya matokeo, nayo ni lazima ijazwe. Mgonjwa amepona, au amemaliza matibabu, au matibabu yameshindwa, au amefariki, au amepotea katika ufuatiliaji. Mvuvi wa Mlingotini aliyekatiza dawa kwa miezi miwili mfululizo hawezi kufutwa kimyakimya ili hesabu ya waliopona ipendeze. Jina lake hubaki pale pale, na mbele yake huandikwa neno linalomuuliza mtoa huduma zaidi ya linavyomuuliza mgonjwa: amepotea.

Chuo kikuu cha umma kina madaftari mengi, lakini la namna hiyo ni nadra kulikuta mahali ambapo mwananchi anaweza kulisoma. Yapo madaftari ya udahili, ya ada na ya mitihani. Siku ya mahafali majina husomwa, wazazi hupiga vigelegele, na kesho yake magazeti huandika idadi ya wahitimu. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania nayo hutoa takwimu za kila mwaka za waliodahiliwa na waliohitimu. Kinachokosekana ni hatima ya wale walioingia siku moja, wakakaa katika ukumbi mmoja wa mihadhara, kisha wengine wakawa hawaonekani.

Tofauti hii si ya kihasibu tu. Msomaji achukue mfano wa kubuni. Wanafunzi 100 wanaanza Shahada ya Udaktari wa Binadamu, ambayo ni ya miaka mitano. Baada ya miaka mitano, mahafali yanatoa madaktari 90. Kila anayeziangalia namba hizo mbili atasema chuo kimefanya vizuri. Lakini katika hao 90, 12 waliingia miaka ya nyuma wakachelewa njiani. Waliomaliza kwa wakati kutoka katika lile kundi la 100 ni 78. Waliosalia 22 wako wapi? Pengine 10 wanarudia mwaka, watano wamehamia fani au vyuo vingine, watatu wameahirisha masomo kwa ugonjwa. Wanne waliobaki hakuna ajuaye. Katika kliniki ya kifua kikuu, hao wanne ndio ambao mratibu wa wilaya angewaulizia kwanza.

Inafaa kukumbuka kwamba mtindo huu wa kuhesabu kila aliyeanza haukuletwa Tanzania ukiwa umekamilika kutoka mbali. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977, na katika miaka iliyofuata, daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia ambaye yeye mwenyewe alipata kuugua kifua kikuu akiwa mfungwa wa kambi ya Mauthausen wakati wa Vita Kuu ya Pili, alishirikiana na watumishi wa afya wa nchi hii kujenga utaratibu wa kumwandikisha kila mgonjwa, kumsimamia anapomeza dawa, na kutoa taarifa ya matokeo ya kundi zima la walioanza katika robo moja ya mwaka. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mwaka 1993 kwamba kifua kikuu ni dharura ya dunia, mtindo uliothibitika katika zahanati na hospitali za Tanzania ndio ulioenezwa duniani kwa jina la DOTS. Dawa zenyewe zilikuwapo tayari, na nchi nyingine zilikuwa nazo. Kilichoongezwa hapa ni uaminifu wa daftari. Ni ajabu basi kwamba vyuo vinavyofundisha historia hiyo havijaitumia kwa wanafunzi wao wenyewe.

Lipo neno la Kiswahili linalounganisha darasa na wodi: mtoro. Mwanafunzi asiyefika shuleni ni mtoro, na kwa miaka mingi mgonjwa aliyeacha dawa naye aliitwa mtoro. Katika Mrima neno hili lina kina zaidi, kwa kuwa zamani mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. (Mwandishi mashuhuri wa Bagamoyo, ambaye kitabu chake cha Desturi za Waswahili kilichapishwa Ujerumani mwaka 1903, alikuwa akiitwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, kwa hiyo jina lenyewe si tusi kwa kila masikio.) Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliacha rasmi istilahi iliyomlaumu mgonjwa, likachukua ile ya kupotea katika ufuatiliaji. Badiliko hilo liliwakera baadhi ya wahudumu wa zamani, walioliona kuwa ni kubembelezana. Hata hivyo lilibadili swali. Mtoro huulizwa kwa nini amekimbia. Kwa aliyepotea, wa kuulizwa ni yule aliyepaswa kumtafuta.

Vyuoni lugha bado ni ile ya zamani. Mwanafunzi aliyeondolewa masomoni "amedisko". Neno hilo husemwa kwa kicheko mabwenini, na anayelibeba huondoka usiku bila kuaga.

Bagamoyo ina nafasi ya pekee katika jambo hili, kwa sababu wanafunzi wa sayansi za afya wamekuwa wakipelekwa huko kwa muda mrefu kujifunza afya ya jamii. Uhusiano wa mji huo na Muhimbili ni wa kale kuliko chuo chenyewe: Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo, ndiye aliyegharimia hospitali iliyojengwa Dar es Salaam katika miaka ya 1890, na jina lake lingali juu ya jengo la wodi Muhimbili hadi leo. Wanafunzi wanaofika Bagamoyo hufundishwa kwenda nyumba kwa nyumba, kuketi mkekani, na kumsikiliza mama aliyeacha kumleta mtoto kliniki. Hufundishwa wasianze na lawama. Wanaelekezwa waulize nauli ilikuwa kiasi gani, nani alibaki na watoto wengine, dawa ilimletea madhara gani, mume alisemaje, muuguzi alimjibuje siku ya mwisho alipofika. Mwanafunzi anayerudi na jibu kwamba "mama ni mzembe" hurudishwa akaulize tena. Ni mafunzo mazuri, na wengi huyakumbuka kuliko mihadhara yote ya mwaka huo.

Kisha mwanafunzi yuleyule anarudi chuoni, anafeli biokemia, anafeli mtihani wa marudio, na barua anayopokea ina mistari mitatu. Hakuna anayeketi naye mkekani.

Lau angeulizwa, majibu yasingewashangaza wahudumu wa afya, maana yanafanana sana na yale ya wagonjwa. La kwanza ni fedha. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, imewafikisha chuoni vijana ambao wazazi wao wasingeweza kulipa hata muhula mmoja. Hilo halina ubishi. Fedha ya kujikimu, ambayo wanafunzi huiita bumu, ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi shilingi 10,000 kwa siku. Hapo ndipo panapotakiwa kutoka chakula, na kwa asiyepata chumba bwenini, kodi ya nyumba pia. Kiasi hicho hutosha kwa taabu kinapofika kwa wakati. Kikichelewa wiki tatu, mwanafunzi mwenye ndugu Kariakoo atakula kwa ndugu, na yule ambaye ndugu zake wote wako Saadani atauza simu au ataanza kufanya vibarua usiku. Wa kundi hili la pili ndiye atakayesinzia kwenye maabara ya anatomia.

La pili ni lugha. Mtoto wa Zinga au Kerege husoma miaka yote ya shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari hugeuziwa Kiingereza ambacho mara nyingi hata mwalimu wake anakikokota. Akifaulu vizuri masomo ya sayansi huwa amefaulu kwa jitihada mara mbili ya mwenzake aliyesoma shule ya Kiingereza tangu awali. Anapofika mwaka wa kwanza wa udaktari, anakutana na maelfu ya istilahi mpya kwa muda mfupi, na mhadhiri mwenye haraka hutafsiri ukimya wake kuwa ni ujinga. Kejeli ya mambo ni kwamba mwaka wa tatu, mbele ya mgonjwa, ni huyuhuyu anayejua kuuliza kwa adabu habari za choo na za kitanda, kwa Kiswahili ambacho mgonjwa anakielewa. Lakini ili amfikie mgonjwa huyo ni lazima kwanza avuke miaka miwili ambayo Kiswahili chake hakina alama.

La tatu ni maradhi, na hapa vyuo vya afya vina aibu ya pekee. Mwanafunzi wa udaktari anayeanza kukosa usingizi, kulia bila sababu na kuona maisha hayana maana anajua jina la ugonjwa wake, amelisoma. Anajua pia kwamba hospitali atakayotibiwa ndiyo hiyohiyo anayojifunzia, kwamba faili lake litapita mikononi mwa wanafunzi wenzake, na kwamba daktari bingwa atakayemwona Jumatatu huenda ndiye atakayemtahini Ijumaa. Basi ananyamaza. Mwenye mimba ananyamaza, mwenye majibu mapya ya VVU ananyamaza, mwenye kifafa anameza dawa chooni. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa mwanafunzi, kinachomuumbua kwa kawaida ni matokeo ya mtihani, na yanapobandikwa husomwa kana kwamba yanapima akili peke yake.

Anayeondoka haondoki mikono mitupu. Anaondoka na deni. Sheria ya mikopo haimsamehi mnufaika kwa sababu hakuhitimu. Kijana aliyekaa miaka mitatu na kuondolewa anadaiwa ya miaka mitatu, bila cheti ambacho kingempa kazi ya kulipia. Anajua mfumo wa damu, anajua kupima shinikizo, anajua kumhoji mgonjwa, na mbele ya mwajiri ni mhitimu wa kidato cha sita tu. Zamani ngazi za kada za afya nchini zilimruhusu mtu kupanda hatua kwa hatua, kutoka mganga wa vijijini hadi tabibu, kutoka tabibu hadi daktari msaidizi, na aliyesimama katika ngazi yoyote alikuwa na kazi na heshima. Shahada ya leo haina ngazi za katikati, na anayeteleza juu huanguka hadi chini kabisa.

Kwa Pwani hasara hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2010 kuhusu kubakisha watumishi vijijini yaliweka mbele jambo ambalo wananchi walilijua siku nyingi: aliyekulia kijijini ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kurudi kuhudumu kijijini. Kijana wa Makurunge anapopotea mwaka wa tatu, zahanati ya nyumbani kwake inakuwa imempoteza mtu ambaye asingehitaji kubembelezwa kwa nyumba na posho ili akae.

Mgonjwa anayesoma haya ana haki ya kuuliza swali lake mwenyewe, na ni swali zito. Je, inatakwa waliofeli wapitishwe, halafu wamshike yeye? Jibu ni hapana, na halihitaji kupambwa. Mtihani wa udaktari unamlinda asiyeweza kujilinda, yaani mtu aliyelala mezani akiwa amepewa dawa ya usingizi. Mpango wa kifua kikuu haukuwahi kumwandika maiti kuwa amepona. Thamani yake yote iko katika kukataa uongo huo. Vivyo hivyo, rejesta ya wanafunzi itakuwa na safu ya walioshindwa, na wapo watakaoandikwa humo kwa haki. Wapo pia wasioupenda udaktari hata kidogo, waliosukumwa na baba au na alama nzuri za sayansi. Kwa hao kuondoka mapema ni tiba, na chuo kinapaswa kuwasindikiza kwa heshima.

Hatari iliyopo ni nyingine. Kiwango cha kuhitimu kikishageuzwa kuwa shabaha ya kumpimia mkuu wa idara, itapatikana njia ya kukipandisha bila kumfundisha mtu yeyote. Mtihani utalainishwa, alama zitasogezwa. Au, kwa ujanja zaidi, udahili utawapendelea wale ambao hawana shida, na mtoto wa Makurunge hataingia kabisa. Ndiyo maana namba moja haitoshi. Inahitajika safu nzima, na mtahini wa nje ambaye hana maslahi nayo.

Nchini Marekani sheria ya mwaka 1990 ililazimisha vyuo kutangaza sehemu ya kila kundi la walioanza ambayo imehitimu ndani ya mara moja na nusu ya muda wa kawaida. Kwa shahada ya miaka mitano hiyo ni miaka saba na nusu, muda wa kutosha kwa aliyerudia na aliyeugua. Vyuo vingine vilizitazama namba zao vikaona haya. Chuo Kikuu cha Georgia State mjini Atlanta, nacho cha umma chenye wanafunzi wengi wa kipato cha chini, kiligundua kwamba wengi waliofutiwa usajili walikuwa wanadaiwa fedha kidogo tu, na baadhi walikuwa wamekaribia kumaliza. Tangu mwaka 2011 kikaanza kuwalipia salio hilo kwa ruzuku ndogo, bila kungoja waombe. Kikaanza pia kufuatilia dalili za mapema, kama daftari la wodini linavyofuatilia joto na mapigo. Kiwango cha kuhitimu, kilichokuwa asilimia 32 mwaka 2003, kilivuka asilimia 50 katika muongo uliofuata. Marekani ina fedha, atasema mtu. Ni kweli, lakini kilichowazindua wale wa Atlanta kilikuwa ni kulisoma daftari la madeni jina kwa jina, na kazi hiyo mhasibu wa chuo chochote cha Dar es Salaam anaweza kuianza kesho asubuhi.

Hapa nyumbani ujuzi wa kuwatafuta waliopotea upo, tena ni wa hali ya juu. Kliniki za tiba na matunzo zina WAVIU washauri, watu wanaoishi na VVU ambao humpigia simu aliyekosa tarehe yake, na asipopatikana humfuata nyumbani kwa bodaboda, bila sare na bila kelele, ili majirani wasijue. Wanafanikiwa mahali ambapo daktari hafanikiwi kwa sababu nao waliwahi kukaa upande ule wa meza. Vyuo vina watu wa namna hiyo: walioahirisha mwaka wakarudi, waliobeba masomo matatu wakayavuka, waliozaa mwaka wa pili na sasa ni madaktari watarajali. Mwanafunzi aliyekosa wodi kwa wiki mbili atamfungulia mlango mmoja wao kabla ya kumfungulia afisa yeyote wa utawala. Ofisi ya Mlezi wa Wanafunzi ndiyo ingewaratibu, nayo ipewe mfuko mdogo wa dharura usiohitaji saini sita, na matibabu ya wanafunzi yapelekwe katika kituo ambacho walimu wao hawafanyi kazi. Hili la mwisho si anasa. Kwa mwenye sonona ndilo linaloweza kumfanya afike.

Kuhusu wale ambao baada ya yote hayo hawatamaliza, mamlaka za elimu ya juu na za elimu ya ufundi zingeweza kukubaliana jinsi masomo waliyofaulu yatakavyohesabiwa katika stashahada ya utabibu, uuguzi au maabara. Mtu aliyefaulu fiziolojia mbele ya jopo la wahadhiri wa chuo kikuu hana sababu ya kuanza tena alifu kwa kijiti.

Mwaka wa masomo huanza karibu na Oktoba au Novemba. Katika wiki ya kwanza majina yote yapo, kwa sababu usajili huchukua picha, vyeti na anwani ya mzazi wa kila mmoja. Safu ya matokeo inaweza kupigwa mstari siku hiyohiyo, ikiwa tupu, mbele ya kila jina, na ikakabidhiwa kwa ofisi moja yenye jina na simu. Baada ya miezi mitatu, wakati bumu la kwanza limekwisha na majaribio ya kwanza yamesahihishwa, mtu wa ofisi hiyo aifungue na kuanza kupiga simu.